Bado Mmoja Tu

Taksi ya Nakivale haina tikiti wala namba za viti. Ukifika steji ya Base Camp unaingia na kukaa unapopenda, na mgeni akiona hivyo hudhani amepewa kitu cha bure. Lakini gari haliondoki mpaka lijae. Aliyeingia wa kwanza amepata kiti anachokitaka, naye atakilipia kwa saa mbili za kusubiri. Atakayeingia wa mwisho atabanwa mlangoni, ila hata hajakaa vizuri gari litakuwa limeng'oa nanga. Nauli ni moja kwa wote. Bei ya pili, ile ya muda, kila mtu anailipa kivyake, na hiyo ndiyo inayoamua nani akae wapi.

Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam waelewe kwamba taksi ya Uganda ndiyo matatu au daladala yao: Toyota HiAce yenye mkanda wa miraba ya buluu na nyeupe ubavuni, na maandishi kwamba imeruhusiwa kubeba abiria 14. Mbele wanakaa wawili pamoja na dereva. Nyuma yao kuna safu tatu za viti viwili viwili vilivyoegemea upande wa kulia, na kushoto, mlango uliko, kila safu ina kiti kimoja cha kukunja kinachoziba njia. Mwisho kabisa kuna kiti kirefu cha watu watatu. Ukijumlisha unapata 14. Barabara ya Isingiro ina hesabu yake nyingine, ambayo sitaiandika hapa kwa kuwaheshimu trafiki.

Nakivale yenyewe ni makazi ya wakimbizi katika wilaya hiyo ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Mpaka wa Tanzania hauko mbali. Waliotangulia kukaa ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Baada yao tumekuja sisi Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, kila watu na kijiji chao, hata mtu anaweza kutoka New Congo asubuhi, akapita Somalia, akala mchana Kigali, na bado hajatoka nje ya makazi. Tusichokuwa nacho kiko Mbarara: hospitali ya rufaa ya mkoa, benki, maduka ya jumla, mabasi ya Kampala. Ni safari ya kilomita zipatazo 60. Kutoka Base Camp hadi Isingiro mjini, ambako wenyeji wanakuita Kabingo, ni vumbi. Kuanzia hapo ni lami: Kaberebere, Masha, migomba kushoto na kulia mpaka mjini.

Njia hiyo nimeijua kwa kazi ya ukalimani. Daktari wa Mbarara anasema Kiingereza na Kinyankole. Mgonjwa aliyetoka Fizi, mashariki mwa Kongo, anasema Kibembe na Kiswahili. Katikati nakaa mimi. Walio mahututi huchukuliwa na ambulensi. Wenye macho, wenye mifupa iliyoungwa, wenye presha na sukari, hao tulipanda nao taksi. Ukisafiri na mgonjwa ndipo unapojua kwamba viti vya gari moja havifanani.

Chukua mtu aliyefungwa plasta mguu mzima. Nyuma ya dereva hafai, hakuna pa kuunyoosha. Anafaa kukaa ndani kidogo, mguu ukapita juu ya kiti cha kukunja. Lakini hapo amekalia nafasi ya mtu mwingine, na kila anayeingia atamgonga. Dawa yake ni kulipa nauli ya viti viwili na kumwambia konda mapema, mbele ya abiria wengine, ili isije ikasahaulika tukifika Kaberebere. Mjamzito usimpeleke nyuma kabisa. Kiti kile kirefu kiko nyuma ya ekseli, na gurudumu likiingia shimoni wa mbele wanatikisika, wa nyuma wanarushwa. Mwenye kichefuchefu anafaa kukaa mbele, kwa sababu macho yakiiona kona kabla mwili haujaisikia, tumbo hutulia. Shida ya mbele ni kwamba injini ya HiAce iko chini ya viti vyenyewe, na kwenye kupanda milima mapaja yanaiva. Basi unampa dirisha, unampa kavera, yaani mfuko wa plastiki, mkononi, unamwomba Mungu.

Hayo nilijifunza kwa wagonjwa. Mengine yote nimefundishwa na mama mmoja wa Fizi aliyekuwa akinunua vitenge Mbarara na kuviuza New Congo. Mama huyo alikuwa hakai upande wa dereva hata umbembeleze. Kwa muda nilidhani ni imani fulani, labda aliwahi kupata ajali. Siku moja tulikuwa tunasubiri gari lijae, nikamuuliza.

"Mwanangu, jua linatoka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na gari ikishika lami pale Kabingo inaelekea wapi?"

Inaelekea kaskazini. Asubuhi jua likiwa mashariki linapiga mkono wa kulia. Jioni gari linarudi kusini, nalo jua limeshahamia magharibi, kwa hiyo ni mkono wa kulia tena. Anayekaa upande wa dereva analiwa na jua kwenda na kurudi. Juu ya hapo, Uganda magari yanapita kushoto, maana yake lori la matoke linalokuja mbele yenu litawapita kuliani, na vumbi lake litaingia madirisha ya kulia kwanza. Mama alikuwa hajasoma jiografia popote. Alikuwa anauza vitambaa, na kitambaa kilichoingia vumbi hakiuziki kama kipya.

Kwa hiyo yeye alikaa pale pasipotakiwa na mtu: kiti cha kukunja. Ni chuma chenye kipande cha sponji kilichokwisha, mgongo wake mfupi, na kila anayetaka kushuka anakuinua. Watu wanakikimbia. Ila ndicho kilicho kushoto, kivulini. Mama alikwenda mbali zaidi: alichagua kile cha safu ya pili kutoka nyuma, kwa hesabu kwamba wanaosafiri mpaka mwisho hupangwa nyuma, na wa kushuka Kaberebere na Masha hupangwa karibu na mlango. Akikaa pale, anaowazuia kutoka ni wale wanaoteremka anakoteremka yeye. Hainuki hata mara moja. Nilijaribu hesabu hiyo na ikanikubali karibu kila mara, isipokuwa siku za soko, ambapo hakuna hesabu inayomkubali mtu.

Swali lake la kwanza kwa yeyote aliyemwomba ushauri lilikuwa moja: unashukia wapi? Kabla hujamjibu hilo hakuambii kiti.

Paki ya Mbarara ina mambo yake. Pale konda anaita, "Nakivale! Nakivale! Bado mmoja! Bado mmoja tu!" na ukichungulia ndani kweli unaona vichwa vimejaa. Unaruka ndani, unashukuru bahati. Dakika tano baadaye kijana wa dirishani anashuka kununua maji. Mwingine anashuka kupokea simu. Hawarudi. Ni abiria wa kukodi, wanapewa chochote kidogo ili wakae gari lionekane limejaa, na biashara hiyo iko Kampala, iko Nairobi, iko kila penye gari linalosubiri kujaa. Mama alinifundisha kuwatambua kwa mikono. Hakuna mtu anayetoka Mbarara kurudi Nakivale mikono mitupu. Wa kweli ana sabuni, ana sukari, ana godoro lililofungwa kamba, ana bati mbili za kuezekea jiko. Asiye na kitu hasafiri. Na faida ya kumtambua ni hii: kaa karibu naye. Kiti chake kitabaki wazi muda si mrefu, tena konda humweka mahali pazuri, panapoonekana kutoka nje. Sijawahi kuwachukia vijana hao. Kukaa garini kutwa bila kufika popote ni kazi, na wengi wetu Nakivale tunaifahamu.

Fundisho jingine lake lilikuwa kukaa na mwanamke mwenye mtoto mchanga. Watu wanamkwepa kwa kuogopa kilio na maziwa. Yeye alisema safu yenye mtoto mchanga konda huona aibu kuichomekea mtu wa nne, na mkono wa mtoto ni mdogo kuliko kiwiko cha mwanamume. Mtoto akilia utamchukua umpakate, safari itakwisha.

Jua, vumbi, ekseli, hayo mtu anaweza kuyapigia hesabu. Jirani ndiye kazi. Nakivale wanakaa watu waliokimbiana wao kwa wao. Waliochomeana nyumba katika milima ya Fizi na Uvira wanakuja kupanga foleni moja ya maji, na wanapanda taksi moja. Nilikuwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimpeleka kliniki ya macho. Alikuwa amekwishakaa, jicho moja limefunikwa bandeji, mtu wa kando yake akapokea simu na kuanza kuongea Kinyamulenge, lugha ya upande wa pili. Mzee akanishika mkono, akaniambia kwa Kibembe nimhamishe. Nikatazama nyuma, nikatazama mbele. Gari lilikuwa limejaa, na kujaa kwa Isingiro.

"Mzee, nafasi hakuna."

Akageuza uso dirishani mpaka Kaberebere. Pale yule jirani alinunua ndizi za kuchoma, akatoa moja akamnyooshea. Mzee akatikisa kichwa. Yule bwana hakusema neno, akaila mwenyewe. Mbele kidogo ya Masha upepo ulizidi, jicho likaanza kumuuma mzee, akasema kwa Kiswahili dirisha lifungwe. Jirani akapitisha mkono mbele yake, akalifunga. Hayo tu. Tulipofika hospitali kila mmoja alikwenda njia yake, na sikuambiwa lolote zaidi.

Safari ile niliifikiria sana baadaye. Mahali penye namba, jirani ni wa kampuni: wao ndio waliokupanga naye, na ukikasirika unawakasirikia wao. Mahali pa kukaa unapopenda, kila kiti unachokipita ni mtu uliyemkataa, naye amekuona ukimkataa. Ndiyo maana watu wakiingia taksi iliyojaa nusu huwa na haraka ya ajabu ya kutazama simu. Anayetafuta kiti anaogopa kuonekana akichagua, na aliyekaa anaogopa kuonekana akiomba asichaguliwe.

Kuna kipindi kifupi hofu hiyo ilipata ruhusa ya serikali. Usafiri wa umma Uganda ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na taksi ziliporudi zikaruhusiwa kubeba nusu ya abiria. Kila mtu akapata nafasi ya kuweka begi kando yake. Nauli ikapanda ipasavyo, kwa sababu mafuta hayajui nusu. Wagonjwa wangu kadhaa waliacha kliniki miezi ile. Mama wa vitenge alisafiri mara chache akiwa na safu nzima peke yake, akasema haikumpendeza, hakuna wa kumwekea mzigo miguuni.

Mwaka 2024 nilipata simu ya sauti kutoka Texas. Binti wa dada yangu alikuwa amepelekwa huko na mpango wa makazi mapya, wakati mlango wa Marekani ulikuwa bado wazi kwa watu wetu. Mlango huo ulifungwa Januari 2025, na wengi waliokuwa wamekwishauza godoro na sufuria wamebaki Nakivale mpaka leo. Binti huyo alikuwa ametoka Entebbe na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, wenye karatasi zake zote, na katika ndege ile kubwa kila mtu alikuwa na namba ya kiti. Sasa alikuwa anasafiri mara ya kwanza ndani ya Marekani, kutoka Dallas kwenda Houston, na alikuwa anacheka.

"Mjomba, shikamoo! Mjomba, huku wana taksi inayoruka! Karatasi haina kiti. Wameniandikia B na namba, wanasema hiyo ni foleni tu, ukiingia ukae unapotaka. Nikae wapi?"

Ilikuwa ndege ya Southwest. Kampuni hiyo ilianza safari Juni 1971 kati ya miji mitatu ya Texas, Dallas, Houston na San Antonio, na kwa zaidi ya miaka 50 haikumpangia abiria kiti. Abiria walipangwa kwa makundi, A, B na C, kila mmoja na namba yake ya kusimama, na aliyewahi kujiandikisha, saa 24 kabla ya safari, ndiye aliyetangulia kuingia. Baadaye iliwezekana pia kulipa kidogo ili uandikishwe mapema. Kila mtu alijua sheria, na kila mtu alikuwa na ujanja wake: kumwekea mke kiti kwa koti, kukohoa, kuweka mfuko wa chakula kwenye kiti cha kati.

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: unashukia wapi? Akacheka zaidi. Kwenye ndege wote wanashukia pamoja. Nikaona kwamba nusu ya elimu ya Mama haifanyi kazi kule. Ndege inaondoka saa yake, imejaa au haikujaa. Aliyewahi hasubiri zaidi ya aliyechelewa, kwa hiyo kiti kizuri hakina ile bei ya pili. Hakuna kiti cha kukunja. Kilichobaki ni tumbo, jua na jirani. Nikamwambia tumbo lake nalijua tangu akiwa mdogo, akae usawa wa bawa, ndege inayumba kidogo pale kuliko mkiani. Nikamwambia asubuhi ukielekea kusini jua liko kushoto, basi akae kulia. Na jirani atamwona mwenyewe.

Jioni akapiga tena. Usawa wa bawa, kulia, alipata. Alisema alipokuwa anatembea kwenye ile njia nyembamba aliona viti vya kati vingi vimewekewa mabegi, na wenyewe wakiinamia simu zao, akajisikia yuko Base Camp. Kisha akamwona mwanamke mwenye mtoto mchanga, peke yake katika safu ya watu watatu, na foleni yote inampita. Akakaa hapo. Mtoto alilia wakati wa kupaa, akampakata. Yule mama wa Kizungu, alisema, alimshukuru mpaka Houston.

Julai ya mwaka huohuo wa 2024 kampuni ikatangaza kwamba itaacha utaratibu huo. Ilieleza kwamba asilimia 80 ya wateja wake wanapendelea kupangiwa kiti, na tangu Januari 27, 2026 kila abiria ana namba yake ya kiti, huku viti vyenye nafasi zaidi ya miguu vikiwa na bei ya juu zaidi. Siwashangai wale asilimia 80. Ukisafiri na watoto watatu hutaki kubahatisha. Lakini naona pia kwamba kitu wanachonunua watu hao, mbali na nafasi ya miguu, ni kuchagua bila kuonekana. Unafanya kwenye simu, usiku, umelala, na yule uliyemkataa hatajua kamwe.

Nakivale hatuko nyuma. Siku hizi anayetaka kiti cha mbele anampigia konda jioni, anamtumia pesa kwa simu, na asubuhi konda anaweka koti lake kitini. Mama wa vitenge ni miongoni mwa wateja hao, yeye aliyekuwa akikaa kwenye chuma. Anasema magoti yake ya sasa yanataka joto la injini. Nilikuwepo kijana mmoja wa Juru, eneo jingine la makazi, alipofika saa kumi na mbili kasoro, gari tupu, dereva hajafika, akakuta koti limemtangulia.

"Hili koti limelipa nauli ngapi?" akauliza.

"Limelipa jana usiku," konda akamjibu. "Wewe umelipa lini?"

Kijana akatoa simu yake, akamtaka konda ampe namba.